Gereji ya Rejeta Mwanakwerekwe: Mikono Mizuri, Rangi Nzito

Mwenye Morris Minor hapa Unguja ambaye rejeta yake inavuja ana njia mbili: kuagiza nyingine Uingereza, ambako gari hilo lilikoma kuundwa mwaka 1971, au kumtafuta fundi ambaye bado anajua kulehemu shaba. Yangu niliipeleka katika gereji ndogo isiyo na kibao, maeneo ya Mwanakwerekwe, baada ya gereji nyingine kunitilia unga wa kuzibia ambao uliziba kila kitu isipokuwa tundu lenyewe.

Fundi hakukimbilia moto. Aliziba midomo yote ya rejeta, akaizamisha katika pipa la maji, akaitia upepo kidogo kidogo, na mapovu hayakutoka pale penye kutu ya kijani bali kwenye kiungo cha tangi la chini. Ndipo akalifungua tangi, akapitisha ukanda mwembamba wa chuma katika kila kijibomba, ukamwagika ukoko mweupe wa chokaa, jambo lisiloshangaza kwa gari lililonyweshwa maji ya visima vya mawe ya matumbawe miaka nenda miaka rudi.

Ustadi wake hasa ni kwenye mwali. Lehemu ya bati na risasi huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi, kwa hiyo moto ukizidi, kiungo kimoja kinaponywa na cha jirani kinafunguka. Yeye aliyafunika maungio ya karibu kwa matambara mabichi, akakwangua shaba mpaka ikang'aa, akalehemu, kisha akaiosha tindikali ya kulehemia kwa maji ya magadi. Rejeta iliporudishwa pipani haikutoa hata povu moja.

"Ami, usije ukatia kifuniko cha rejeta ya gari la kisasa," alinionya, na ana haki, kwa sababu vifuniko vya leo aghalabu hushikilia mgandamizo wa karibu paundi 15 kwa inchi ya mraba, ambao rejeta kama hii haikuundwa kuubeba.

Kasoro ni rangi nyeusi, aliyoipaka nzito hata ikajaa baina ya mapezi, vile vibati vyembamba vya kupozea, na kuzuia joto kutoka. Nililazimika kuipunguza mwenyewe kwa brashi. Risiti hatoi, wala dhamana ya maandishi. Nililipa shilingi 60,000, na gari sasa linakwenda Makunduchi na kurudi, jua la kaskazi likiwa utosini, bila kuchemsha. Atakayekwenda amwambie mapema kwamba anataka rangi nyepesi, mkono mmoja tu.