Meli kwa mtu wa Dodoma: bandari ipi ukanunulie tiketi

Dodoma haina bandari. Mtera kuna maji, Hombolo kuna maji, lakini vyombo vyake ni mitumbwi ya wavuvi. Kwa hiyo anayetaka likizo ya melini akiwa hapa hanunui meli peke yake, ananunua na njia ya kuifikia, na mara nyingi hiyo njia ndiyo inayoharibu safari. Meli ya saa 3 usiku haimsubiri abiria aliyekwama mlima Sekenke, njia ya Mwanza, nyuma ya lori lililokatika ekseli.

Bandari zifuatazo zimepangwa kwa kuangalia mambo matatu, na kwa uzito huu: uhakika wa kufika kutoka Dodoma, uhakika wa chombo kuondoka siku iliyoandikwa, halafu raha yenyewe ya majini. Ukianza na raha, Kigoma itashinda, nawe utaishia gesti siku nne ukiulizia meli.

1. Dar es Salaam, kwenda Unguja

Hii ilikuwa ya pili au ya tatu zamani, wakati basi la Dar lilipokula saa nane au tisa. Treni ya SGR, iliyozinduliwa rasmi Agosti 2024, ndiyo iliyopindua msimamo. Mchongoko, ile ya haraka yenye pua iliyochongoka, hutumia takriban saa tatu na nusu, treni ya kawaida huzidi kidogo. Nauli iliyotangazwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, kwa treni ya kawaida ilipoanza ni shilingi 31,000 Dodoma hadi Dar kwa mtu mzima, na nusu yake kwa mtoto wa miaka 4 hadi 12. Baba, mama na watoto wawili wa umri huo ni 93,000 kwenda, 186,000 kwenda na kurudi. Mchongoko bei yake iko juu zaidi.

Faida ya pili haitajwi sana: stesheni ya Dar iko pale pale mjini, jirani na stesheni ya reli ya zamani, na gati la boti za Zanzibar liko barabara ya Sokoine, mkabala na Kanisa la Mtakatifu Yosefu. Ni mwendo wa miguu kwa mwenye begi moja, na bajaji kwa mwenye watoto. Hakuna foleni ya Ubungo wala Kimara ya kukuchelewesha.

Boti za mwendo kasi za Azam Marine na Zan Fast Ferries huvuka kwa saa mbili hivi. Kwa miaka mingi safari za Azam kutoka Dar zimekuwa nne kwa siku: saa 1 asubuhi, saa 3:30, saa 6:30 mchana na karibu na saa 10 alasiri. Ratiba hubadilika msimu na msimu, thibitisha siku unapolipa. Mtanzania hulipa bei ya mkazi, kwa shilingi, akionyesha kitambulisho. Mgeni hulipa kwa dola. Ukisahau NIDA nyumbani Kisasa, usitarajie mjadala mzuri dirishani. Jina la kwenye tiketi ya treni, tiketi ya boti na kitambulisho liwe lile lile, herufi kwa herufi.

Sasa makosa. Kubwa kuliko yote ni kuunganisha treni na boti ya mwisho ya siku. Treni ikisimama njiani dakika arobaini kwa hitilafu ya umeme, boti imeondoka, na usiku wa hoteli ya Dar ambao hukuupangia ndio huo. Acha nafasi ya saa mbili na nusu angalau kati ya treni kufika na boti kung'oa nanga. Mpango bora kwa familia ni treni ya mchana, kulala Kariakoo au Gerezani, kisha boti ya saa 1 asubuhi. Mara nyingi mkondo wa Zanzibar huwa mtulivu zaidi asubuhi kabla upepo haujapanda, na watoto wanafika Unguja wakiwa na siku nzima. Kurudi ni kinyume chake: boti ya asubuhi, treni ya alasiri.

Kosa la pili ni kulipia daraja la juu ukidhani ndilo lisiloyumba. Viti vya VIP ni vipana na kiyoyozi chake kizuri, sawa, lakini chombo chochote huyumba zaidi kadiri unavyokaa juu na mbele. Anayetapika haraka akae sitaha ya chini, katikati au nyuma kidogo, aangalie upeo wa macho wala si simu. Dawa ya kichefuchefu cha safari, kama sinarizini, inywewe saa mbili kabla, si baada ya boti kutoka bandarini. Tumbo likishaanza, kidonge hakikai. Inalewesha usingizi, kwa hiyo isichanganywe na bia wala mvinyo wa zabibu za nyumbani. Kwa mtoto, kipimo aulizwe mfamasia.

Msimu una uzito kuliko daraja. Kusi huvuma kwa nguvu kati ya Juni na Agosti, na hapo ndipo mifuko ya kutapikia hugawiwa kwa wingi. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, mvua ni nyingi na vyumba Unguja hushuka bei. Kaskazi, Desemba hadi Februari, bahari kwa kawaida haina fujo sana, ila watu wamejaa, hasa Krismasi na mwaka mpya. Mwenye uhuru wa kuchagua achukue Oktoba au Novemba mwanzoni.

Ukitaka maji zaidi ya hayo ya saa mbili, ongeza Pemba: kutoka Unguja kuna vyombo hadi Mkoani, vikiwemo meli za Sealink zinazobeba na magari. Si za kila siku, na mkondo wa Pemba una mawimbi makubwa kuliko ule wa Dar, kwa hiyo panga Pemba katikati ya likizo, kamwe isiwe siku ya mwisho.

Tiketi nunua dirishani kwa kampuni au kwenye mtandao wake. Vijana wanaokufuata nje ya gati wakisema "boti imejaa, njoo huku" wana kamisheni yao, na boti kwa kawaida haijajaa.

2. Mwanza, kwenda Bukoba

Kama maana ya meli kwako ni kulala ndani yake na kuamka mahali pengine, hii ndiyo yako, na kwa wengine itastahili nafasi ya kwanza. MV Victoria, iliyoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilirudi majini mwaka 2020 baada ya ukarabati mkubwa ikiitwa New Victoria Hapa Kazi Tu, ikiwa na uwezo wa abiria 1,200 na mizigo tani 200. Huondoka Mwanza usiku, hupitia Kemondo, na asubuhi uko Bukoba. Meli kubwa mpya, MV Mwanza, ina urefu wa mita 92.6 na nafasi ya abiria 1,200 pamoja na magari. Ukikuta ipo zamu siku zako, ichague, maana ukubwa wa chombo ziwani una maana: wimbi la Victoria ni fupi na la haraka, hutikisa chombo kidogo kama ungo.

Kinachoishusha Mwanza hadi nafasi ya pili ni barabara. Kutoka Stendi Kuu ya Nanenane ni karibu kilomita 700 kupitia Manyoni, Singida, Igunga, Nzega na Shinyanga. Basi la alfajiri hufika stendi ya Nyegezi, Mwanza, jioni, na kwenye karatasi unaona kabisa kwamba meli ya usiku unaipata. Usijaribu. Pancha moja, ukaguzi wa trafiki mara tatu, Sekenke ikifungwa kidogo, na kutoka Nyegezi hadi bandarini bado kuna kilomita kama kumi za daladala. Fika siku moja kabla. Siku hiyo ya ziada haipotei bure: kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa ndogo iliyo mkabala na mji, ni dakika chache kwa boti, na samaki wa Mwanza hawahitaji kutangazwa. Kingine, kata basi linaloanzia Dodoma. Ya kutoka Dar huingia hapa yakiwa yamejaa na kiti chako kina mwenyewe.

Mwanza ina bandari ya Kaskazini na ya Kusini. Soma tiketi kabla ya kupanda bodaboda.

Nunua kitanda, usinunue kiti. Tofauti ya bei ni ndogo ukilinganisha na gharama ya basi na gesti uliyokwisha kuilipa, na vitanda ndivyo vinavyoisha kwanza, hasa shule zikifungwa. Omba chumba kilicho mbali na injini. Cha nyuma chini kina mngurumo na joto usiku kucha. Beba shuka, sweta (upepo wa ziwa saa 9 usiku si wa Dodoma), kufuli dogo, tochi, na maji lita moja na nusu kwa kila mtu. Chakula kipo, ila huuzwa kwa fedha taslimu na huwahi kuisha.

Kemondo huwapoteza wengi. Meli hutia nanga alfajiri, kelele za upakuaji zinaanza, abiria mgeni anaamka, anashuka na mizigo yake yote. Bukoba bado iko mbele, karibu kilomita ishirini kwa barabara. Muulize baharia kabla hujakanyaga ngazi.

Kurudi kwa njia ile ile si lazima. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita kama 3, lilifunguliwa Juni 2025, na foleni ya kivuko iliyokuwa ikiwatesa wasafiri wa Bukoba, Geita na Mwanza haipo tena. Kwa hiyo kata meli kwenda tu, rudi kwa basi mchana uone nchi. Anayetaka kuonja kabla ya kutoa hela nyingi aanze na Nansio, Ukerewe: saa tatu hadi nne, mchana, nauli ndogo.

Kuhusu usalama, popote utakapokata

MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza, na MV Nyerere ikapinduka tarehe 20 Septemba 2018 karibu na Ukara. Zote mbili zilikuwa zimebeba watu kupita uwezo, na zote mbili hesabu ya waliokuwemo ilileta utata kwa sababu wengi hawakuandikwa. Ndiyo sababu ya kung'ang'ania jina lako liingie kwenye orodha ya abiria, pamoja na la mtoto mchanga asiyelipa. Ukiingia, tafuta bango la idadi ya abiria wanaoruhusiwa, fungua kabati la maboya, hakikisha yapo ya watoto, na jua mlango wa kutokea ulipo kabla hujatandika shuka. Watu wakiwa wamesimama hadi kwenye ngazi na bado wanapandishwa, shuka. Kudai nauli kutafuata. Bara, msimamizi wa vyombo hivi ni TASAC.

3. Kyela, Ziwa Nyasa

Kwa macho, hakuna safari ya meli nchini inayoizidi hii: milima ya Livingstone inashuka moja kwa moja hadi majini, na meli inapita chini yake ikigusa Matema, Lupingu, Manda, Liuli hadi Mbamba Bay. MV Mbeya II hubeba abiria 200 na tani 200 za mizigo. Lakini kutoka Dodoma ni siku mbili: Iringa kupitia Mtera, kisha Mbeya, ulale, asubuhi ndiyo Kyela. Kufika tu hakutoshi. Uliza kama unapandia Itungi au Kiwira, maana mchanga unaoletwa na mto umewahi kuifanya Itungi isifae. Sehemu nyingine njiani hazina gati la maana, kushuka ni kwa mtumbwi, na begi la magurudumu hapo ni mzigo mara mbili. Meli kuchelewa nusu siku si habari kwa wenyeji. Inafaa mtu mwenye siku kumi na asiyepigiwa simu na bosi.

4. Durban

Meli ya starehe kama za kwenye picha, yenye bwawa la kuogelea, maonyesho ya usiku na chakula usichokihesabu, kwa kawaida haianzii safari zake Dar wala Zanzibar. Hupita tu na kushusha watalii. Ya karibu inayoanzia safari bandarini na kupakia abiria imekuwa ya MSC Cruises, Durban, Afrika Kusini, takriban kati ya Novemba na Aprili, kwa safari za siku tatu hadi tano, baadhi kwenda pwani ya Msumbiji. Bei inayotangazwa mtandaoni ni ya mtu mmoja kwa sharti mko wawili chumbani. Juu yake weka kodi za bandari, tozo ya huduma ya kila siku, vinywaji, na ndege kutoka Dodoma hadi Dar, Johannesburg, kisha Durban. Mara nyingi ndege ndiyo inayozidi meli. Chumba kisicho na dirisha ndicho cha bei nafuu, na kwa siku tatu kinatosha kabisa, kwani mchana hukai humo.

5. Kigoma

Inauma kuiweka mkiani. MV Liemba, meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa mwaka 1924 na kuanza tena kazi mwaka 1927, na reli ya kati inapita hapa Dodoma ikienda moja kwa moja hadi karibu na gati lake. Lakini Liemba imekaa gereji kwa miaka, na treni ya reli ya zamani inayotoka Dar mara nyingi hufika Dodoma ikiwa imechelewa tayari, hasa mvua zikiwa zimegonga kipande cha Kilosa hadi Gulwe. Usikate treni kwanza. Piga simu ofisi ya meli Kigoma, uliza tarehe ya kuondoka, piga tena baada ya siku tatu. Tarehe ikiwa ile ile, na tiketi ya meli imekatwa kwa jina lako, hapo ndipo uende stesheni.