Sahani za Fiesta kwa chakula cha Lamu

Sahani tunazolia kila siku nyumbani kwetu Langoni, mtaa wa Lamu, ni za Fiesta, vyombo vya udongo vya Kimarekani. Mdogo wangu anayeishi Marekani ndiye aliyeniletea: njano, feruzi, nyekundu na bluu iliyokoza. Hazina ua wala ukingo wa dhahabu. Pambo lake ni miviringo tu, imetokeza kwenye udongo wenyewe, na kidole hakichoki kuifuata.

Mbaazi za nazi nazitia kwenye ya bluu, weupe wa tui unang'aa, mashaallah, hata kabla hujamega hamri. Samaki wa kupaka namlaza kwenye ya feruzi. Biriani ina rangi zake za kutosha. Hiyo naipakua kwenye sinia, watu wale pamoja.

Aliyezibuni ni Frederick Hurten Rhead, Mwingereza aliyefanya kazi katika kiwanda cha Homer Laughlin, Newell, West Virginia. Zilianza kuuzwa 1936, uchumi wa Marekani ukiwa bado taabani, zikiwa na rangi tano. Feruzi ikaongezwa 1937. Mtu aliweza kununua kimoja kimoja na kuchanganya apendavyo, na kwangu huo ndio ustadi mkubwa kuliko hata rangi. Seti za maua ya kubandika, ikivunjika moja, pengo linaonekana mezani, na maua yenyewe hufifia kwa kusuguliwa. Hizi hazikukusudiwa kufanana, basi utakayoongeza haiwi ngeni kwa wenzake.

Kupenda vyombo kwetu ni kwa asili. Nyumba za kale za hapa zina zidaka, vishubaka vya ukutani, zilizopangwa kauri za Uchina, na vigae vya kauri kama hizo vimefukuliwa Gede, karibu na Malindi. Lakini za kidakani ni za kutazamwa. Mimi nataka chombo kizuri kikae mbele ya mtoto anayekunywa uji.

Ukikuta kuukuu zinauzwa mtandaoni, jihadhari na nyekundu. Rangi yake ya zamani ilitiwa urani, madini yenye mionzi. Ilisitishwa 1943 serikali ilipoyahitaji madini hayo vitani, ikarudi 1959. Hizo weka kabatini, usilie chakula. Sahani zote ziliacha kutengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Zilizotoka tangu zilipoanza kutengenezwa tena 1986 hazina madini ya risasi, na ndizo nilizo nazo.

Bei na usafiri si haba. Agiza bakuli moja kwanza, rangi ya mchuzi unaoupika sana isiwe ndiyo rangi yake.