Mtungi wa CO2 (gesi ya kaboni dioksidi) wa kilo 2: nimeuzimia moto jikoni, naeleza nilichokiona

Naishi Tabata, jiko langu ni dogo, dirisha moja. Ndani ya mwaka mmoja nimezima moto mara mbili, kila mara kwa mtungi wa aina yake, kwa hiyo naweza kulinganisha.

Mara ya kwanza ilikuwa ekstensheni. Nilichomeka jagi la umeme la wati 2,200 pamoja na jiko la sahani moja la wati 1,500. Jumla wati 3,700, wakati plagi ya ampea 13 kwa volti 230 mwisho wake ni karibu wati 3,000. Plastiki ikayeyuka, moto ukaanza kulamba pazia. Mdogo wangu akaja mbio na kopo la maji. Nilimpigia kelele asimwage, maji yanapitisha umeme na waya ulikuwa bado una umeme. Nikazima meni swichi, nikakimbilia mtungi wa poda wa kilo 1 uliokuwa kwenye gari.

Ulizima papo hapo, sikatai. Ila poda ile! Iliingia kwenye mchele, kwenye sufuria, kooni. Nilisafisha siku mbili. Maikrowevu iliyokuwa pembeni ikafa baada ya wiki chache, na fundi alipoifungua alikuta poda imeshika unyevu na kuanza kula saketi. Kwa joto na unyevunyevu wa Dar sikushangaa.

Ndipo nikaenda Kariakoo kununua huu wa CO2. Bei yake ni kubwa kuliko wa poda, na mzito: gesi ni kilo 2, lakini chuma chake kinafanya mtungi mzima ukaribie kilo 5 au kuzidi. Mama aliubeba kwa mikono miwili.

Nimeutumia mwezi uliopita. Blenda ilikuwa inasaga karanga muda mrefu mno, mota ikaungua, ndimi za moto zikatokea chini. Nilizima swichi ya soketi kwanza, nikachomoa plagi kwa kuwa ilikuwa mbali na moto. Nikavuta pini, nikasimama kama mita moja na nusu, nikaelekeza chini ya moto wenyewe. Kelele yake inashtua, jiandae. Moto ukazimika, na juu ya meza hakukubaki hata chembe.

Lakini baada ya dakika moja moshi ukarudi, ikabidi nipulize tena. CO2 inafukuza hewa tu, haipoozi kitu kilichopata moto. Msiondoke mkidhani kazi imeisha. Na gesi yote inaisha kwa sekunde kama 10, hakuna nafasi ya kupuliza ovyo. Usishike ile pembe ya plastiki inayotoa gesi, baridi yake inaunguza ngozi, shika kipini. Ukimaliza fungua dirisha utoke nje kidogo, kwa sababu kwenye chumba kidogo gesi hiyo inakunyima hewa ya kupumua.

Kasoro inayonikera: hauna geji. Wa poda unaangalia mshale ukiwa kwenye kijani, basi. Huu lazima upimwe uzito ndipo ujue kama gesi ipo, na ukishapuliza hata kidogo unarudishwa kujazwa. Pia kwa betri za simu na pawabenki usiutegemee, zinawaka tena zenyewe. Na moto ukishafika dari, acha mtungi, toa watu, funga mlango, piga 114.

Ningeununua tena? Ndiyo, kwa jikoni. Wa poda nimeujaza upya, umerudi kwenye gari.

Huu wa CO2 nimeutundika kando ya mlango wa jikoni, si karibu na jiko, ili niufikie nikiwa naelekea kutoka. Maelezo yake yote yalikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo nimebandika karatasi kwa herufi kubwa: ZIMA UMEME. VUTA PINI. ELEKEZA CHINI YA MOTO. Mama ameisoma kwa sauti, kisha akaniomba nimwonyeshe pini iko wapi.