Miezi minane na simu inayonisomea: hela niliyoitupa na hela iliyonisaidia

Presha ya macho ilianza na jicho la kushoto, la kulia likafuata taratibu. Huu ni mwaka wa tatu sisomi maandishi. Nina duka la unga, mchele na maharage huku Mbagala, na wateja wengi siku hizi wanalipa kwa simu. Nilikuwa na kitochi, na kila meseji ikiingia namwita mwanangu anisomee. Akiwa shule namwita jirani, kwa hiyo salio langu lilijulikana mtaa mzima. Siku moja mteja alibeba mchele wa shilingi 18,000 akasema ameshatuma. Mtoto aliyekuwa karibu akaisoma meseji, akasema ndiyo, imeingia. Jioni tukagundua ile meseji ilikuwa ya juzi yake.

Iliniuma sana. Wiki ile ile nikaenda Kariakoo.

Nilichokuwa nakitafuta ni TalkBack, kisomaji kinachokuja bure ndani ya simu nyingi za Android. Unabonyeza vitufe viwili vya sauti kwa pamoja kama sekunde tatu, simu inaanza kuongea. Ukigusa kitu inakutajia. Ukikitaka, unagonga mara mbili haraka haraka. Kuteleza kidole kulia kunakupeleka kwenye kitu kinachofuata. Wiki ya kwanza nilitaka kuirudisha dukani. Ya tatu nilikuwa nasoma meseji zote mwenyewe.

Kosa langu lilikuwa bei. Nilichukua simu ya shilingi 190,000 yenye RAM, yaani ile kumbukumbu ambayo simu inafanyia kazi, ya GB 2 tu. Ikawa naigusa, kimya. Nagusa tena, zinatoka sauti mbili zinapandana. Anayeona simu ikiwa nzito anakiona kile kiduara kinazunguka, anasubiri. Mimi ukimya hauniambii kama simu inafanya kazi, imezima, au nimegusa pasipo na kitu. Nilivumilia miezi miwili, nikamwachia mwanangu, nikanunua nyingine yenye GB 4 kwa 340,000. Jumla 530,000, wakati ile ya pili peke yake ingetosha. Muuzaji alinisifia kamera mara zote mbili. Kama huoni, weka hela kwenye RAM, kamera waachie wengine.

Jambo la pili ni sauti. Simu ilikuja na sauti ya Kizungu, na "Umepokea" ilikuwa inatamkwa mpaka sielewi ni neno gani. Ingia kwenye mipangilio ya kusoma maandishi, upakue sauti ya Kiswahili. Inatumia bando mara moja tu, baada ya hapo inasoma hata bila intaneti. Mwombe muuzaji akuwekee kabla hujaondoka dukani, na usikilize meseji moja ya pesa pale pale kaunta.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni siri. TalkBack ina sehemu ya kuficha skrini: kioo kinakuwa cheusi kabisa, simu inaendelea kufanya kazi. Nikiwa kwenye daladala navaa hedifoni za waya za shilingi 5,000, sikio moja tu, naangalia salio langu na aliyekaa pembeni haoni kitu. Tangu macho yaharibike sikuwa na hiyo heshima.

Menyu za kutuma pesa kwa nyota na reli bado zinanichosha. Orodha inakuja yote kwa mkupuo, na kabla sauti haijamaliza kuisoma, muda umekwisha, unaanza upya. Nimeongeza kasi ya sauti, na namba za menyu ninazozitumia nimezikariri. Programu ya benki yangu ndiyo mbaya zaidi. Vitufe havina majina, nasikia "kitufe, kitufe, kitufe" na kimoja kati ya hivyo kinahamisha hela. Niliwapigia, wakaniambia nifike tawini. Kutaja jina la kitufe ni kazi ndogo kwa anayetengeneza programu, na sisi tunakatwa makato yale yale wanayokatwa wenzetu. Mtoto wa dada yangu alinisaidia kuviandikia majina kupitia TalkBack yenyewe. Vingine vilikubali, vingine vilikataa.

Be My Eyes, ile programu iliyoanzishwa Denmark mwaka 2015, inakuunganisha kwa video na mtu wa kujitolea anayeona. Naitumia kwa tarehe za dawa za macho tu, maana video inakula bando. Noti sihitaji msaada: ya 10,000 ni ndefu kuliko zote, naipima kwa kidole.

Kwa sasa protekta imeanza kubanduka kona ya chini, na kidole kinakwama pale pale kwenye kitufe cha kurudi nyuma. Jumamosi naenda kubadilisha.