Valvu za presha na za hita: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Sisi tunaoishi Arusha maji yanatuteremkia kutoka upande wa Mlima Meru, na kila mita 10 za kushuka wima huongeza takriban bar 1 ya presha. Ndiyo maana nyumba ya juu ya mtaa inalalamika maji yanatoka kama uzi, na ya chini inabadilisha mipira ya sinki kila mara. Kwa hiyo kabla hujanunua valvu yoyote, nunua geji ya presha ya kufunga kwenye koki ya nje. Funga koki zote za ndani, uisome usiku majirani wakiwa wamelala, kwa sababu hapo ndipo presha hupanda. Ikisoma bar 2 au 3, hela ya valvu ya kupunguza presha baki nayo. Ikivuka 5, unaihitaji.

Kama nyumba nzima inatumia tangi la juu ya mnara, hata geji huihitaji. Mnara wa mita 3 unatoa bar 0.3 tu.

Lakini katika orodha yangu namba moja si valvu ya kupunguza presha. Ni ya usalama ya hita, na hapo sikubali mtu abane matumizi. (Nazungumzia hita za tangi. Zile za kuchemshia kwenye bomba la mvua hazihifadhi maji, hazimo humu.)

Iliyo bora ni inayofunguka kwa joto na kwa presha pia: ina kijiti kirefu kinachoingia ndani ya tangi na kuyagusa maji yenyewe, na kwa kawaida hufunguka yakikaribia nyuzi 99. Tatizo ni kwamba hita nyingi zinazouzwa kwetu hazina tundu lake. Hapo chukua ya pili, ile ndogo yenye mkono wa kuinua, inayofungwa kwenye bomba la maji baridi na yenye njia moja ndani yake, yaani kizuizi kinachoruhusu maji kwenda upande mmoja tu. Nyingi zimeandikwa 0.8 MPa, yaani bar 8. Linganisha na kibati cha hita: valvu isifunguke juu ya presha ya mwisho iliyoandikwa kibatini. Kwaruza kidogo kwa ufunguo nyuzi za valvu, zile za kuikazia kwenye bomba. Shaba inabaki njano. Ikitokea rangi ya kijivu chini ya mng'ao, irudishe kwa muuzaji.

Mwaka jana yangu ilianza kudondosha kila alfajiri. Fundi akapanda kwenye ngazi, akaitazama, akasema, "Dada, hii imekufa. Nipatie plagi ya nusu inchi niizibe." Nilimwambia ashuke. Nilikuwa nimeiangalia siku tatu mfululizo: inadondosha hita ikiwa imewashwa, ikizimwa inakauka. Hiyo haijafa, inafanya kazi yake. Lita 50 za maji zikipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 70 huongezeka kama lita 1, na lita hiyo lazima ipate pa kutokea. Ukiziba, halafu thamostati ikakwama, maji hupita nyuzi 100 bila kuchemka kwa sababu yamebanwa. Siku tangi likiachia, sehemu yake hugeuka mvuke papo hapo, na mvuke huchukua nafasi takriban mara 1,600 ya maji. Kwenye bafu la watoto! Kwa hiyo mdomo wa valvu hauzibwi na hauwekewi koki. Uvishe mpira ulio wazi, unaoteremka hadi mahali unapoonekana.

Ikidondosha mchana na usiku, hita ikiwa baridi, hapo kuna jambo. Inua mkono sekunde chache uondoe uchafu. Ikiendelea, pima presha ya bomba. Ikiwa presha ni ya kawaida, badilisha valvu. Lakini ikitoa mvuke, usiishike: zima hita kwenye swichi kuu, uiache ipoe, ndipo umwite fundi.

Sasa za kupunguza presha. Ya kwanza ni ya kiwambo cha mpira, yenye chujio ndani na tundu la geji, ukubwa sawa na bomba lako. Kama bomba ni robo tatu ya inchi, usikubali nusu eti ndiyo iliyopo. Nyingi hutoka kiwandani zimewekwa bar 3, na mimi sigusi. Ya pili ni ya pistoni: ndogo, bei yake nafuu, ila mpira wake wa kuzuia maji huchoka na pistoni hunata. Nitainunua kwa kibanda cha nje, si kwa nyumba yenye hita. Ya kuachwa kabisa ni ushauri wa kubana nusu geti valvu ya kawaida, ile koki kuu ya kuzungusha. Inapunguza maji yakiwa yanatembea tu. Funga koki zote uone geji: presha inarudi ile ile.

Baada ya kufunga, mshale wa kwenye mwili wake uelekee nyumbani. Maji yakipungua baada ya miezi, safisha chujio kwanza. Geji ikipanda polepole huku koki zote zimefungwa na hita imezimwa, kikalio cha ndani kimeliwa au kina mchanga.

Na hili wauzaji hawalisemi: valvu hiyo hufunga njia ambayo maji yaliyotanuka yalikuwa yakirudia barabarani. Hita ambayo haikuwa ikidondosha inaweza kuanza wiki hiyo hiyo, na watu huilaumu bure. Tiba ni tangi dogo la kupokea maji yaliyotanuka, lifungwe kwenye maji baridi kati ya valvu hiyo na hita, mahali ambapo hakuna kizuizi cha njia moja kinacholitenga na hita. La lita 5 linatosha hita ya lita 50, likijazwa upepo kabla ya maji hadi presha ile ile iliyowekwa kwenye valvu ya kupunguza presha.

Ukienda dukani, piga picha kibati cha hita na uandike ulichosoma kwenye geji. Muuzaji akikuuliza tu "unataka ya bei gani?" bila kuangalia hivyo viwili, nenda duka la pili.