Umeme wa kambi wakati wa kaskazi: ununue nini kwa karavani kubwa

Ukivuta karavani hadi Ushongo au Saadani kati ya Desemba na Machi, kinachokusumbua usiku ni joto, na mchana ni samaki kuharibika. Feni na friji ndivyo vya kupigia hesabu kabla hujaingia dukani.

Feni ya volti 12, wati 20, ikizunguka saa 10 inakula wati-saa 200. Friji ya kompresa ya lita 40 hula wati 50 hivi inaponguruma, na kwa joto la kaskazi hunguruma zaidi ya nusu ya siku: weka 650. Taa na simu, 60. Jumla ni kama 900 kwa siku. Kiyoyozi cha karavani kinataka wati elfu moja na ushee. Hicho kisahau, isipokuwa uko tayari kulala na jenereta.

1. Betri ya lithiamu (aina ya LiFePO4) ya volti 12, 100Ah (ampea-saa 100), na paneli ya jua ya wati 300

Inabeba wati-saa 1,280, na ukitumia 1,000 haidhuriki. Paneli ya wati 300 kwa saa 5 za jua kali, ukishatoa hasara ya joto na vumbi, inarudisha kama 1,050. Chukua kontrola (kifaa cha kusimamia chaji kati ya paneli na betri) ya aina ya MPPT, ya ampea 30.

Betri za uongo zipo, Ngamiani mjini Tanga na kwingineko. Ipime uzito kwanza: ya 100Ah ya kweli huwa kilo 10 hadi 13. Yenye kilo 7, mrudishie mwenye duka. Kisha ijaze, uifunge taa ya gari ya wati 55 na uangalie saa. Inapaswa kuwaka saa 22 hivi. Ikizimika baada ya saa 11, umeuziwa nusu betri kwa bei ya nzima.

Usiifungie kwenye boksi la bati linalopigwa na jua: ikichemka sana, saketi yake ya ulinzi hukata chaji, nawe utadhani paneli imekufa. Usiiunge moja kwa moja kwenye alternata ya gari pia. Lithiamu huvuta mkondo bila huruma hadi alternata iungue. Weka chaja ya DC-DC, inayozuia mkondo usizidi, ya ampea 20 au 30 katikati.

2. Sanduku la umeme la kubeba, wati-saa 1,000

Betri, inveta (kigeuzi cha umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani) na kontrola vyote ndani, huhitaji fundi. Kwa wanaokwenda kambi mara tatu kwa mwaka linatosha. Lakini feni yake ya kupoza hunyonya hewa ya chumvi, na likiharibika halitengenezeki kirahisi. Liweke ndani ya karavani, kamwe si mchangani.

3. Betri mbili za jeli (aina ya betri za risasi) za 100Ah

Bei nafuu, zinapatikana popote. Ila zinatumika nusu tu. Ukizikausha kila usiku zinakufa mapema, na joto linazizeesha haraka. Mbili ni karibu kilo 60, mzigo unaoongezeka kwenye ekseli.

Hapa ndipo waya mwembamba unapoumiza. Waya wa milimita za mraba 1.5, mita 5 kwenda na 5 kurudi, hupoteza zaidi ya nusu volti kwa ampea 5, na kompresa inapoanza huvuta zaidi ya hapo. Betri ya jeli iliyoshuka nusu haina volti za kupoteza, basi friji hujizima saa nane usiku huku betri ikiwa bado na kitu. Tumia waya wa milimita za mraba 6, na fyuzi ya ampea 15 karibu na betri, si karibu na friji.

4. Jenereta

Kelele, petroli, majirani kununa. Moshi wake unaua kimyakimya: isikae chini ya karavani wala upande upepo unakotoka.

Neno la paneli, maana wengi hukosea hapa: usiiegeshe chini ya mnazi. Seli zimeungwa mfululizo, hivyo kivuli cha kuti moja tu, chembamba, kinaweza kupunguza umeme sana. Na nazi ikidondoka, hakuna warranti. Nunua paneli yenye waya wa mita 10, karavani likae kivulini, paneli ikae juani. Kila asubuhi ifute chumvi kwa kitambaa na maji baridi yasiyo ya bahari, na vichwa vya betri vipake grisi.