Filamu za tamasha na filamu za mamilioni: ipi ya ukumbini, ipi ya sebuleni

Wapenzi wengi wa filamu hufuata kanuni moja: filamu kubwa yenye milipuko kaitazame ukumbini, ile ndogo ya matamasha ya filamu isubiri ije kwenye runinga. Kwa filamu nilizozitazama za miaka hii ya karibuni, kanuni hiyo naiona imesimama kichwa chini miguu juu. Filamu kubwa nyingi hutengenezwa zikijua kwamba mwisho wa safari yao ni runinga na simu, kwa hiyo zinavumilia skrini ndogo. Inayoumia ni ile iliyojengwa juu ya giza, ukimya na sauti za mbali, nawe ukaitazama taa inawaka na jokofu linanguruma.

Ushahidi wangu wa kwanza ni The Zone of Interest ya Jonathan Glazer, iliyopata Grand Prix, tuzo ya pili kwa ukubwa ya tamasha la Cannes kule Ufaransa, mwaka 2023. Familia ya kamanda wa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, inaishi kwenye nyumba yenye bustani ya kupendeza, na ukuta wa bustani ndio ukuta wa kambi. Glazer na mpiga picha wake, Łukasz Żal, walitega kamera hadi 10 humo ndani, mafundi wakatoka vyumbani, waigizaji wakaachiwa nyumba. Taa za filamu hazikuwashwa. Mwanga ni wa madirishani na wa taa za nyumba yenyewe. Machoni unaona maua, watoto na meza ya chakula. Filamu yenyewe iko masikioni: mngurumo usiokatika kutoka ng'ambo ya ukuta, risasi, mbwa, mayowe yaliyofifia.

Mngurumo huo ni sauti nzito ya chini, na spika za runinga bapa haziwezi kuitoa. Kinachobaki ni familia nadhifu inayokunywa chai, na mtazamaji analalamika kwamba hakuna kinachotokea. Nikisikia lalamiko hilo, swali langu la kwanza huwa ni spika gani ilitumika. Kama huna ukumbi karibu, vaa vipokea sauti vinavyofunika sikio zima, pandisha sauti hadi mazungumzo ya kawaida yasikike kama ya mtu aliyekaa jirani nawe, kisha usiguse tena kitufe. Filamu inaanza na skrini nyeusi na muziki kwa muda mrefu. Si hitilafu, na usipeleke mbele. Glazer anakufundisha kusikiliza kabla hajakupa kitu cha kutazama.

Mwaka 2024 filamu hii ilichukua Oscar ya sauti mbele ya Oppenheimer, ambayo bajeti yake ilikuwa takriban dola milioni 100. Nadhani uamuzi ulikuwa sahihi, ingawa Oppenheimer ina wakati mmoja wa sauti usiosahaulika: jaribio la bomu, mwanga unafika kwanza, pumzi zinasikika, na mlipuko unachelewa kama unavyochelewa kwa mtu aliyesimama mbali. Tatizo langu na filamu hiyo ni maneno. Mwongozaji wake, Christopher Nolan, hapendi kurekodi upya mazungumzo studioni, hutumia yale ya siku ya kupiga picha, na muziki hupandishwa hadi karibu kuyafunika. Nyumbani hali huzidi kuwa mbaya, na sababu yake inaeleweka. Katika mpangilio wa sauti wa 5.1, yaani spika tano na moja ya besi, maneno mengi hupita kwenye spika ya katikati. Kama kifaa chako kinatuma 5.1 wakati una spika mbili tu, spika ya katikati haipo na maneno yanaweza kunyauka. Nenda kwenye mipangilio ya sauti, chagua stereo (sauti ya spika mbili) au PCM, jina ambalo baadhi ya menyu hulitumia, na kazi ya kuchanganya ifanywe na kifaa chenyewe. Ukitazama usiku, washa hali ya usiku. Hupunguza tofauti kati ya mnong'ono na mlipuko. Unapoteza kishindo, lakini unapata mazungumzo.

Sasa nije kwenye filamu kubwa ambayo kweli inadai ukumbi, tena ukumbi wa aina fulani: Sinners ya Ryan Coogler, ya mwaka 2025. Yeye na mpiga picha Autumn Durald Arkapaw walitumia mkanda wa milimita 65 kwa namna mbili. Moja ni Ultra Panavision, picha ndefu kama ukanda, uwiano wa upana kwa kimo wa 2.76:1. Nyingine ni IMAX, mfumo wa skrini kubwa mno, ambapo kila fremu, yaani picha moja ya mkanda, inachukua matundu 15 ya pembeni mwa mkanda, na picha hupanda ghafla hadi 1.43:1, karibu mraba. Arkapaw ndiye mwanamke wa kwanza kupiga filamu ndefu ya kuigiza kwa mkanda wa IMAX, na anajua kwa nini picha inapaswa kukua. Mashamba ya pamba ya Mississippi mwaka 1932 yanakuja kwenye ukanda mpana, anga imebanwa, watu wamebanwa. Kisha picha inafunguka juu na chini, nawe unahisi ukumbi wenyewe umeongezeka kimo.

Kabla ya kununua tiketi ya filamu ya namna hii, usiulize tu kama wana IMAX. Uliza kama wanaonyesha kwa mkanda au kidijitali, na uwiano gani. Kumbi zenye projekta ya mkanda wa IMAX ni chache mno duniani. Nyingi za IMAX ni za kidijitali na picha inaishia 1.90:1. Ukumbi wa kawaida hubaki na ule ukanda wa 2.76:1 mwanzo hadi mwisho, pamoja na mistari myeusi juu na chini ambayo wengine hudhani ni kosa la projekta. Kwenye runinga ya 16:9 ukanda huo unachukua takriban asilimia 64 tu ya kimo cha kioo. Yaani umenunua runinga kubwa, nawe unatazama theluthi mbili zake.

Sehemu niliyoipenda kuliko zote ni usiku wa muziki, pale wimbo wa kijana Sammie unapoita waliotangulia na watakaokuja, ngoma za kale, gitaa la umeme na hip-hop vikacheza sakafu moja. Ni jambo ambalo lingeweza kuwa kichekesho kwa urahisi. Linasimama kwa sababu kamera inatiririka katikati ya wachezaji kana kwamba haina haraka, na muziki wa Ludwig Göransson unabadilisha zama bila kuacha mapigo. Theluthi ya mwisho haifikii hapo. Mapigano ya usiku yamekatwa kwa kasi hadi nikapoteza nani yuko upande gani wa mlango, jambo linaloudhi katika hadithi ya vampaya wasioweza kuingia bila kukaribishwa, ambayo mlango ndiyo kila kitu. Majina yakianza kupita, usiinuke. Kuna sehemu nzima ya hadithi bado, na bila hiyo filamu haijaisha.

The Brutalist ya Brady Corbet, hadithi ya msanifu majengo aliyehamia Marekani, ni mfano mgumu wa kuuweka kwenye fungu moja. Ilishinda Simba wa Fedha, tuzo ya uongozaji ya tamasha la Venice, mwaka 2024, iligharimu chini ya dola milioni 10, lakini imepigwa kwa VistaVision, mfumo ambao Paramount iliuanzisha mwaka 1954. Mkanda ni uleule wa milimita 35, ila unapita kwenye kamera kwa ubavu, na kila fremu inachukua matundu 8 badala ya 4. Eneo la picha ni zaidi ya maradufu, ndiyo maana saruji, marumaru na nyuso zina uzito wake humo. Kwa fedha ni filamu ndogo; kwa fremu ni kubwa kuliko nyingi zenye bajeti mara ishirini yake.

Ni dakika 215, na ndani yake mna mapumziko ya dakika 15 yaliyopangwa na mwongozaji mwenyewe, saa ikihesabu kurudi nyuma juu ya picha ya harusi. Ukumbini watu husimama, hunyoosha miguu, hubishana kuhusu sehemu ya kwanza, hurudi. Nyumbani mtu huikata vipande sita na kushangaa mbona haishikiki. Ukilazimika kuitazama sebuleni, igawe mara mbili tu, pale pale kwenye mapumziko, hata kama sehemu ya pili utaiona kesho yake. Kunywa maji kidogo kabla.

Nusu ya kwanza ni kazi ya kiwango cha juu kabisa: meli, giza, msukumano, kisha Sanamu ya Uhuru inatokea kichwa chini. Adrien Brody alistahili Oscar yake. Nusu ya pili inapofika machimbo ya marumaru ya Carrara, Italia, picha zinazidi uzuri, lakini tukio kuu la pale linaangushwa juu ya mtazamaji bila msingi wa kutosha. Hitimisho lake la Venice mwaka 1980 linaeleza kwa hotuba mambo ambayo jengo lenyewe lilikuwa limekwisha kuyasema. Ningelikata.

Dahomey ya Mati Diop ni dakika 68 tu, ilipata Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la Berlin, mwaka 2024, na ndiyo filamu fupi iliyonifikirisha zaidi. Inafuata hazina 26 ambazo Ufaransa iliirudishia Benin mwaka 2021. Sanamu ya Ghezo, mfalme wa Dahomey, ufalme wa zamani katika Benin ya leo, iliyopewa namba 26, inazungumza yenyewe kwa Kifon, lugha ya huko, sauti nzito iliyotengenezwa kwa mchanganyiko wa sauti, mara nyingi juu ya skrini nyeusi. Hapo ndipo sebule inapoiua. Skrini nyeusi kwenye chumba chenye mwanga inakuwa kioo: unajiona wewe na kochi lako badala ya giza la kasha la mbao lililoibeba sanamu. Zima taa zote, funga pazia. Kisha sikiliza kwa makini mjadala wa wanafunzi wa chuo kikuu cha Abomey-Calavi, maana Diop hamtafutii mtazamaji mshindi. Mmoja analia kwa furaha, mwingine anauliza ishirini na sita ni nini kati ya maelfu yaliyochukuliwa.

Anora ya Sean Baker, iliyoshinda Palme d'Or, tuzo kuu ya Cannes, mwaka 2024 kisha Oscar tano, naiweka ukumbini kwa sababu nyingine: watu. Katikati yake kuna sehemu ndefu ndani ya jumba la kitajiri ambapo Kiingereza, Kirusi na Kiarmenia vinapigwa kelele kwa pamoja. Manukuu, yaani maandishi ya tafsiri chini ya picha, hayawezi kuonyesha wasemaji watatu kwa wakati mmoja, kwa hiyo ukiyafuata neno kwa neno utapoteza nyuso. Yapitie haraka kisha rudi kwa Mikey Madison, anayeigiza Anora. Kicheko cha ukumbi mzima kinabadilisha sehemu hiyo: watu wanacheka, kisha wanaanza kunyamaza mmoja mmoja wanapogundua kwamba yule msichana hachekeshwi. Peke yako hupati mabadiliko hayo. Theluthi ya kwanza, ya starehe na pesa, imerefushwa kupita kiasi, na dakika 139 zingeweza kupungua bila hasara.

Kuhusu kiti: kaa umbali wa takriban mara moja na nusu ya upana wa skrini, katikati ya safu. Hapo picha inachukua pembe ya karibu nyuzi 37 za macho yako, inajaza bila kukulazimisha kugeuza shingo. Kwa filamu yenye manukuu usisogee mbele zaidi ya hapo, kwani macho yatachoka kupanda na kushuka. Kama sakafu haina mteremko mzuri, chagua kiti ambacho mbele yake ni njia, la sivyo kichwa cha mtu kitakula mstari wa chini wa manukuu. Usikae pembeni kabisa, kwani spika ya ukutani itafunika zile za mbele.

Dune: Part Two ni filamu bora, na bado nasema inavumilia nyumbani kuliko Dahomey. Mwongozaji Denis Villeneuve na mpiga picha Greig Fraser waliipiga kidijitali, fremu zake ni safi, na ule mchezo wa kwenye uwanja wa ukoo wa Harkonnen, uliopigwa kwa kamera ya mwanga wa infraredi hadi ngozi zikawa nyeupe kama mfupa, unashika hata kwenye skrini ndogo. Utakachokosa ni mtetemo wa mnyoo mkubwa mno wa mchangani, na huo spika nzuri ya besi inaurudisha kwa kiasi.

Avatar: The Way of Water ina kasoro isiyohusu hadithi. Kwenye kumbi zilizoionyesha kwa fremu 48 kwa sekunde, sehemu za majini ni laini, kisha mazungumzo yanarudi kwenye mwendo wa 24, na jicho linaona mshono kila mara. Miwani ya 3D nayo hula sehemu kubwa ya mwanga. Mimi ningeichagua ya 2D.

Nyumbani runinga nyingi huleta kasoro ya namna hiyohiyo kwa filamu zote, kwa sababu hutoka kiwandani zikiwa zimewashwa ulainishaji wa mwendo, unaobuni fremu zisizokuwepo. Fungua mipangilio ya picha, chagua hali ya sinema, kisha hakikisha ulainishaji umezimika, maana katika baadhi ya runinga hali ya sinema haiuzimi. Fanya hivyo kwa kila lango la HDMI, kwani mara nyingi kila lango hukumbuka mipangilio yake.

Megalopolis, ambayo Francis Ford Coppola aliigharimia takriban dola milioni 120 za mfukoni mwake, niliitakia mema. Ina picha nyingi za kushangaza zisizosukumana kwenda popote. Kila tukio linaanza upya kana kwamba lililotangulia halikuwepo. Katika baadhi ya maonyesho mtu halisi alisimama mbele ya skrini akazungumza na mhusika. Hiyo ndiyo sehemu pekee yake inayohitaji ukumbi, na kumbi nyingi hazikuwa nayo. Mengine yote yanaweza kusubiri.